Kukata Rufaa ya Fidia ya Ajali ya Barabarani Nchini Kenya: Mwongozo Kamili kwa Aliyejeruhiwa

Wengi wanaoshindwa katika rufaa za fidia hawashindwi kwa sababu walichopewa kilitosha. Wanashindwa kwa sababu wanaingia Mahakama Kuu wakidhani jaji ataanza upya kazi ya hakimu, amwangalie aliyeumia, amhurumie, kisha aongeze. Jaji wa rufaa haulizi kama pesa ni kidogo. Anauliza hakimu alikosea wapi, na kama kosa hilo ndilo lililozaa kiasi hicho.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeshinda kesi ya ajali mbele ya hakimu nchini Kenya, ambaye anaamini kwamba fidia aliyopewa ni ndogo mno au kwamba alibebeshwa lawama isiyo yake. Unaweza kuufuata ukiwa na wakili au bila wakili, ingawa katika hatua ya nne na ya tano wakili mwenye uzoefu wa kesi za majeraha huokoa muda mwingi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Usiandike neno lolote la rufaa kabla ya kukusanya vifuatavyo, isipokuwa mwenendo na dikrii:

- Nakala ya hukumu yenye sababu zote za hakimu. Ukurasa wa mwisho pekee hautoshi.
- Hati ya madai iliyofungua kesi, pamoja na utetezi wa upande wa pili.
- Ripoti za madaktari, yaani ya daktari wako na ile ya daktari aliyeteuliwa na kampuni ya bima.
- Abstrakti ya polisi (muhtasari wa polisi kuhusu ajali), fomu ya P3 (fomu ya polisi inayojazwa na daktari kuhusu majeraha), muhtasari wa kuruhusiwa kutoka hospitalini, na risiti zote zilizopokelewa kama vielelezo.
- Mwenendo wa kesi uliopigwa chapa, yaani maelezo ya mashahidi kama hakimu alivyoyaandika.
- Dikrii, ambayo ni hati rasmi inayobeba amri ya hukumu, ikiwa imethibitishwa na mahakama.
- Akaunti katika mfumo wa Idara ya Mahakama wa kuwasilisha hati mtandaoni, pamoja na pesa za ada.

Mwenendo na dikrii huchelewa, na hupaswi kuvisubiri ili uanze. Vilivyobaki unapaswa kuwa navyo ndani ya wiki ya kwanza.

## Hatua ya 1: Hesabu siku zako, na ujue mlango wa kuingilia

Kifungu cha 79G cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai kinatoa siku 30 za kukata rufaa kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu. Siku ya hukumu yenyewe haihesabiwi. Hukumu ikisomwa tarehe 4 Machi, siku ya kwanza ni tarehe 5, na siku ya thelathini ni tarehe 3 Aprili. Siku ya mwisho ikiangukia Jumapili au sikukuu ya umma, unasogea hadi siku ya kazi inayofuata. Hata hivyo, anayepanga kuwasilisha siku ya mwisho anacheza na mtandao, umeme na foleni ya malipo kwa wakati mmoja.

Kosa linalorudiwa sana hapa ni la kuanza kuhesabu kutoka siku ulipopata nakala ya hukumu. Sheria inaruhusu kuondolewa kwa muda ambao mahakama ya chini itathibitisha kwamba ulihitajika kuandaa dikrii na kukukabidhi, lakini uthibitisho huo lazima uuombe na uupate kwa maandishi. Haujitokezi wenyewe.

Pili, kagua kesi yako iliamuliwa na mahakama gani, kwa sababu njia hazifanani:

- Ikiwa iliamuliwa na hakimu, fuata mwongozo huu wote.
- Ikiwa iliamuliwa na Mahakama ya Madai Madogo, ambayo mwisho wake ni madai ya shilingi milioni 1, kifungu cha 38 cha sheria yake kinaruhusu rufaa kuhusu masuala ya sheria tu, na uamuzi wa Mahakama Kuu unakuwa wa mwisho. Kulalamika kwamba kiasi ni kidogo, bila kuonyesha kosa la kisheria, hakutakufikisha popote.
- Ikiwa iliamuliwa na Mahakama Kuu tangu mwanzo, unaelekea Mahakama ya Rufaa, ambako ilani ya rufaa huwasilishwa ndani ya siku 14 na rufaa yenyewe ndani ya siku 60 baada ya ilani. Huko usiende bila wakili.

Kama siku 30 zimekwisha, bado kuna njia. Unaomba Mahakama Kuu ikubali rufaa nje ya muda, kwa ombi linaloambatana na hati ya kiapo. Jaji atapima ulichelewa kwa muda gani, sababu yako ni ipi, rufaa ina uzito gani, na upande wa pili utaumia kiasi gani. Kusema “wakili wangu hakunipigia simu” bila ushahidi wowote kwamba wewe mwenyewe ulifuatilia ni sababu dhaifu.

Umefaulu hatua hii ukiwa na tarehe ya mwisho iliyoandikwa mahali unapoiona kila siku.

## Hatua ya 2: Omba mwenendo wa kesi siku ile ile ya hukumu

Andika barua fupi kwa mahakama iliyosikiliza kesi, ukiomba mwenendo uliopigwa chapa, nakala ya hukumu na dikrii, vyote vikiwa vimethibitishwa. Lipa kiasi utakachotajiwa, kisha utunze nakala ya barua yenye mhuri pamoja na risiti.

Barua hiyo ina kazi mbili. Inaanzisha upigaji chapa, ambao unaweza kuchukua miezi katika vituo vyenye kesi nyingi, na inakuwa ushahidi wako baadaye ukilaumiwa kwa uzembe. Fuatilia masjala kila wiki mbili, na kila unapofuatilia, acha alama ya maandishi.

## Hatua ya 3: Pima kama rufaa inalipa

Chukua karatasi na uandike fidia yako kwa mafungu. Tuseme abiria wa bodaboda aliyevunjika mguu alipewa shilingi 400,000 za maumivu, mateso na kupoteza raha za maisha, shilingi 120,000 za kuondoa vyuma mguuni siku zijazo, na shilingi 62,550 za gharama zilizothibitishwa. Jumla ni shilingi 582,550. Hakimu akaona kwamba abiria huyo alichangia ajali kwa asilimia 20, akakata shilingi 116,510, na mkononi zikabaki shilingi 466,040.

Watu wengi wakiiona hesabu hii hukimbilia kupigania zile 400,000. Mara nyingi fungu lenye udhaifu mkubwa ni ile asilimia 20. Abiria aliyekaa nyuma hakushika usukani wala breki, na kama hakimu hakueleza ni kitendo gani chake kilichochangia ajali au kuzidisha jeraha, hapo pana sababu ya rufaa iliyo rahisi kuthibitisha kuliko mabishano juu ya thamani ya maumivu. Kama hakuvaa helmeti na jeraha lake ni la kichwani, mambo hubadilika. Kama jeraha ni la mguu, muulize hakimu, kupitia rufaa, helmeti ingeuokoa mguu namna gani.

Baada ya hapo, weka hatari zako upande wa pili wa karatasi:

- Upande wa pili unaweza kukata rufaa yake na kuomba fidia ipunguzwe. Jaji anayesikiliza rufaa ana uwezo wa kutoa amri inayomfaa mjibu rufaa, yaani upande uliokatiwa rufaa, hata kama yeye hakukata rufaa.
- Gharama za kesi kwa kawaida humfuata aliyeshindwa.
- Sheria ya bima ya gari dhidi ya madai ya watu wengine, Sura ya 405, inaiwekea kampuni ya bima kikomo cha shilingi milioni 3 kwa dai la mtu mmoja. Kinachozidi hapo unakidai kwa mwenye gari, na mwenye gari asiye na mali ni ushindi wa karatasini.

Kama unachotarajia kuongezewa ni kidogo kuliko ada, nakala, nauli na miaka ya kusubiri, pokea ulichopewa. Ushauri huu haupendezi, lakini ni wa kweli.

## Hatua ya 4: Tafuta kosa, usitafute huruma

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa usiharakishe.

Kanuni inayotumika kila siku katika mahakama za Kenya ilielezwa katika kesi ya Butt dhidi ya Khan, na ikarudiwa katika ya Kemfro Africa dhidi ya Lubia. Kwa maneno mepesi, mahakama inayosikiliza rufaa haiingilii kiasi cha fidia ila ionyeshwe kwamba hakimu alifuata kanuni isiyo sahihi, au alizingatia jambo lisilohusika, au aliacha jambo linalohusika, au aliuelewa vibaya ushahidi, au kwamba kiasi kimekuwa kidogo au kikubwa kupita kiasi hivi kwamba hakiwezi kuwa makadirio sahihi. Jaji hatabadilisha kiasi kwa sababu tu yeye angetoa tofauti.

Soma hukumu ukiwa na kalamu, na ujiulize maswali haya.

Je, hakimu aliorodhesha majeraha yote? Linganisha orodha yake na hati ya madai na ripoti za madaktari. Hutokea hakimu akataja mvunjiko mmoja ilhali ripoti ina miwili, au akasahau kwamba kuna kovu usoni. Kuachwa kwa jeraha ni kosa linaloonekana bila mabishano.

Alichagua ripoti ya daktari yupi, na kwa sababu gani? Daktari wako anaweza kusema ulemavu wa kudumu ni asilimia 15, na wa bima akasema asilimia 5. Hakimu ana ruhusa ya kuchagua, lakini akichagua bila sababu, au bila kutaja kwamba kuna ripoti mbili, umepata hoja. Hata hivyo, asilimia ya daktari haigeuki kuwa asilimia ya pesa. Ni kipimo cha uzito wa jeraha tu.

Alilinganisha na kesi gani? Kama alitumia hukumu ya miaka kumi na mitano iliyopita bila kuzungumzia kushuka kwa thamani ya shilingi, au kesi ya majeraha mepesi kuliko yako, andika nambari ya ukurasa.

Je, alikunyima kitu ulichokithibitisha? Fidia maalumu, kama gharama za hospitali na ripoti, ni lazima iwe imetajwa waziwazi katika hati ya madai na kuthibitishwa barabara, kama ilivyosemwa katika kesi ya Hahn dhidi ya Singh. Kama ulidai shilingi 62,550, ukaleta risiti za kiasi hicho na ukapewa 40,000 bila maelezo, hilo ni kosa la hesabu ambalo jaji hulirekebisha kwa mistari michache.

Onyo. Kanuni hiyo hiyo inakata pande zote mbili. Gharama za matibabu ya baadaye ambazo hazikutajwa katika hati ya madai huwezi kuzidai kwenye rufaa, hata kama daktari aliziandika. Vivyo hivyo, ikiwa mguu umezidi kuharibika baada ya hukumu, huwezi tu kubandika ripoti mpya. Kuleta ushahidi mpya kunahitaji idhini ya mahakama chini ya Amri ya 42, kanuni ya 27, ya Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai, na idhini hiyo ni nadra.

Umefaulu hatua hii ukiwa na makosa mawili au matatu, kila moja likiwa na ukurasa wa hukumu na ukurasa wa ushahidi unaolithibitisha. Ukiwa na makosa kumi na mawili, huenda bado hujapata hata moja.

## Hatua ya 5: Tafuta hukumu za kulinganisha

Maumivu hayana bei sokoni, kwa hiyo mahakama hutafuta usawa kwa kuangalia wengine walioumia vivyo hivyo walipewa nini. Hukumu nyingi zinasomeka bure katika tovuti ya Kenya Law. Andika aina ya jeraha, chuja kwa Mahakama Kuu, na utafute hukumu za miaka ya karibuni.

Chagua tatu hadi tano, si zaidi. Kwa kila moja andika majeraha, umri wa aliyeumia, ulemavu wa kudumu, mwaka wa uamuzi na kiasi cha mwisho kilichoamuliwa baada ya rufaa. Angalia sana hilo la mwisho, kwani wapo wanaonukuu kiasi cha hakimu ambacho jaji alikipunguza katika hukumu ile ile waliyoibeba.

Usilinganishe mfupa na mfupa tu. Mvunjiko wa mfupa wa muundi uliopona ndani ya miezi minne na ule uliowekewa vyuma na kuacha mguu mmoja mfupi havikai fungu moja. Na ukikuta hukumu inayokuumiza, usiifiche. Wakili wa bima ataileta, na ni afadhali jaji asikie kwanza kutoka kwako kwa nini haifanani na kesi yako.

## Hatua ya 6: Andika memoranda ya rufaa

Memoranda ya rufaa ni hati fupi yenye aya zilizopewa nambari, kila aya ikibeba sababu moja, bila masimulizi na bila mabishano. Kwa mujibu wa Amri ya 42, huruhusiwi kutetea sababu ambayo haimo humo ila kwa idhini ya mahakama, kwa hiyo kila kosa ulilolipata katika hatua ya nne liwe na aya yake.

Linganisha sababu hizi mbili. Ya kwanza inasema: “Hakimu alikosea kwa kutoa fidia ndogo sana.” Ya pili inasema: “Hakimu alikosea kisheria na kimantiki kwa kutozingatia mvunjiko wa pili uliothibitishwa na ripoti zote mbili za madaktari, na hivyo akafikia kiasi kidogo kupita kiasi.” Ya kwanza ni malalamiko. Ya pili inampa jaji mahali pa kuanzia.

Malizia kwa maombi: kiasi kiondolewe na kingine kiwekwe, mgawanyo wa lawama urekebishwe ikiwa unaupinga, riba itajwe kuanzia lini, na gharama zilipwe. Kwa kawaida riba ya fidia ya jumla, kama ile ya maumivu na mateso, huanza siku ya hukumu, na ya fidia maalumu huanza siku kesi ilipofunguliwa. Omba waziwazi kwamba kitakachoongezwa kihesabiwe riba tangu hukumu ya hakimu.

Kifungu cha 86 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai kinaifanya lugha ya Mahakama Kuu kuwa Kiingereza. Hati zako zitaandikwa kwa lugha hiyo. Kama huimudu, tafuta anayeimudu mapema, kisha akusomee kwa Kiswahili kila alichoandika kabla ya kutia sahihi.

## Hatua ya 7: Wasilisha, lipia, kabidhi

Pakia memoranda katika mfumo wa mtandaoni, ambao tangu 2024 unatumika nchi nzima, chini ya kituo cha Mahakama Kuu kinachosimamia eneo la hakimu aliyeamua kesi. Lipa ada iliyokadiriwa na uhifadhi risiti, kwa maana hati isiyolipiwa haihesabiwi kuwa imewasilishwa. Dikrii ikiwa haijatoka, wasilisha memoranda peke yake na uilete dikrii mara itakapopatikana.

Asiye na uwezo wa ada anaweza kuomba kukata rufaa kama maskini chini ya Amri ya 44, au kuomba msaada wa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria.

Jaji hupitia rufaa kwanza kuona kama inafaa kusikilizwa. Ikipita, msajili hukujulisha, na kutoka hapo una siku saba za kumkabidhi memoranda kila mjibu rufaa. Pata hati ya kiapo ya aliyekabidhi.

## Hatua ya 8: Linda pesa ulizokwisha kupewa

Kukata rufaa hakusimamishi malipo. Una haki ya kudai kiasi ulichopewa huku ukipigania nyongeza.

Mtego uko kwenye karatasi ya malipo. Kampuni ya bima inaweza kukuletea hati ya kutia sahihi inayosema kwamba umepokea malipo kamili na ya mwisho. Ukitia sahihi, umewapa hoja kwamba rufaa imekufa. Andika kabla ya kupokea, na uandike tena kwenye hati yenyewe, kwamba unapokea sehemu ya deni bila kuathiri rufaa yako. Wakikataa, usitie sahihi.

Ikiwa wao nao wamekata rufaa na kuomba malipo yasimamishwe, watatakiwa kuonyesha kwamba wataumia kwa kiasi kikubwa, kwamba hawakuchelewa, na kwamba wako tayari kuweka dhamana. Amri inayotolewa mara nyingi ni nusu ilipwe kwako na nusu iwekwe katika akaunti ya pamoja ya mawakili yenye kuzaa riba. Ukiulizwa maoni, omba angalau hilo.

## Hatua ya 9: Tayarisha rekodi ya rufaa

Rekodi ya rufaa ni kitabu kimoja chenye memoranda, hati za madai na utetezi, mwenendo wa kesi, vielelezo vyote, hukumu na dikrii, kikiwa na faharasa na nambari za kurasa zinazofuatana. Memoranda, hati za madai na hukumu au dikrii haziwezi kuachwa hata kwa idhini. Zipo rufaa zilizotupwa kwa sababu ya dikrii iliyokosekana.

Kagua kila ukurasa wa mwenendo dhidi ya kumbukumbu yako. Ukurasa wa ushahidi wa daktari ukikosekana, rufaa ya fidia imebaki bila mguu wa kusimamia.

Kisha omba tarehe ya maelekezo mbele ya jaji, yaani kikao cha kupanga jinsi rufaa itakavyosikilizwa, na usilale. Rufaa isipopangiwa kusikilizwa ndani ya miezi mitatu baada ya maelekezo, mjibu rufaa anaweza kuomba itupwe. Ikipita mwaka mmoja tangu memoranda ikabidhiwe bila kupangiwa tarehe, msajili mwenyewe huiorodhesha ili itupwe.

## Hatua ya 10: Hoja za maandishi na hukumu

Rufaa nyingi huamuliwa kwa hoja za maandishi. Kurasa sita hadi nane zinatosha. Anza na makosa, kila moja na ukurasa wake katika rekodi, kisha leta hukumu za kulinganisha, kisha taja kiasi unachoomba. Kitaje kwa tarakimu. Jaji akiachiwa kazi ya kukisia unataka nini, anaweza kukisia kwamba kiasi cha hakimu kinatosha.

Omba kiasi ambacho hukumu zako zinakibeba. Anayeonyesha kesi za shilingi 700,000 kisha akaomba milioni 3 anaiharibu hata hoja iliyokuwa nzuri.

Rufaa ikikubaliwa, hukumu itasema kwamba kiasi cha hakimu kimeondolewa na kutaja kingine badala yake, fungu kwa fungu, pamoja na mgawanyo wa lawama, riba na gharama. Fanya hesabu mwenyewe siku hiyo hiyo. Ukikuta kosa la kujumlisha, liombee marekebisho mara moja. Kisha chukua dikrii mpya, ipeleke kwa wakili wa upande wa pili pamoja na hesabu yako ya riba, na udai tofauti kati ya kiasi kipya na kile ulichokwisha kupokea.